Tundu la Kushoto la Gari la Mzee Shabani

Mimi ni mtu ambaye hakuna cha kunishangaza tena chini ya jua. Nimeona lori la tani thelathini likilala ubavu kwenye kona na dereva wake akatoka dirishani akiuliza kama kuna mtu ana kiberiti. Nimeona parachichi, tulizokuwa tukiwatupia nguruwe, zikipakiwa Njombe kwenda Ulaya kwenye makontena yenye baridi kuliko Julai ya kwetu. Nimejenga ghorofa Makambako kwa jasho langu mwenyewe, mimi niliyeishia la saba, na hilo la saba lenyewe nililifikia kwa kusukumwa. Wenye digrii wananiita bosi na wananisubiri kwenye benchi. Lakini kuna harufu moja inayonipiga chini mpaka leo. Ni harufu ya maua ya njano ya miti ya miwati yanapokaribia chuma cha moto. Kwanza inakuja tamu, kama asali iliyosahauliwa jikoni, halafu inageuka chungu na kukaa kooni. Nikiinusa hiyo, ghorofa inatoweka, malori yanatoweka, na mimi ni mtoto wa miaka kumi na moja nimesimama barabarani mlimani, na watu wazima wamenizunguka.

Kilikuwa kiangazi, mavuno yameshaisha na baridi imeanza kulegea. Wakati ule Makambako ilikuwa vumbi, upepo na honi. Upepo wetu haukuwa na adabu. Ulikuwa unapekua sketi za kina mama na kofia za wazee bila kuchagua. Nilikuwa nikiishi na Mama Mdogo Edita, mdogo wake mama yangu mzazi, aliyenilea tangu marehemu mama aliponiacha sijajua kutembea. Watu walimwita mama mdogo wangu, mimi nilimwita mama tu. Alikaanga maandazi na kuuza chai pembeni ya ghala la Mzee Shabani, mfanyabiashara wa viazi na mbao aliyetoka Tanga zamani na kuoa palepale kwetu. Mzee Shabani alikuwa Mwislamu wa swala tano na sisi ni Wakatoliki wa rozari, lakini kila alfajiri kikombe cha kwanza cha chai kilikuwa chake, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Jirani mwema ni bora kuliko ndugu wa mbali, wahenga walisema, na kwa hilo hawakukosea.

Gari lilikuja kwa treni. Mzee Shabani alilinunua Dar es Salaam kwa mkandarasi mgeni aliyekuwa anarudi kwao, na kwa kuwa hakutaka mawe ya barabarani yalikwaruze, alilipakia kwenye behewa la wazi likafungwa kamba kama ng'ombe wa mahari. Siku liliposhushwa stesheni, nusu ya mji ilikuwa pale. Lilikuwa jekundu, fupi, limelala chini kiasi kwamba kuku angeweza kulirukia bila kufungua mbawa zote. Milango miwili, viti viwili, basi. Nyuma ya kila mlango, ubavuni, kulikuwa na tundu moja lililokatwa mshazari kama sikio la paka aliyekasirika. Mzee Shabani akafungua boneti ya mbele ili kujionyesha, na ndani hamkuwa na kitu isipokuwa tairi la akiba. Mama mmoja muuza viazi akapiga ukelele, "Jamani! Wameiba injini njiani!" Mwingine akadakia, "Mzee Shabani, wamekuuzia ganda!" Mzee akacheka mpaka kofia ikadondoka. Akaenda nyuma ya viti, akafungua kifuniko kingine, na hapo, kati ya viti na magurudumu ya nyuma, injini ilikuwa imejikunyata. Mama yangu akainama akaichungulia, akasema taratibu, "Kumbe limeibeba mgongoni, kama mtoto."

Tangu siku hiyo, wateja wa chai hawakuwa na mada nyingine. Matundu yale ya ubavuni, je, yalikuwa yanafanya kazi au yalikuwa urembo? Madereva na wapakiaji viazi walikaa kwenye mabenchi ya mama wakigombana kama wanasheria. "Injini iko nyuma, upepo unapiga mbele," alisema mmoja. "Sasa itapumulia wapi kama si hapo?" Mwenzake akamjibu, "Kwani wewe ukikimbia unapumua kwa mbavu?" "Mimi sipumui kwa mbavu, lakini samaki je?" "Samaki umemwonea wapi wewe mtu wa Makambako? Wewe umeona dagaa wakavu!" Wakacheka, wakaongeza chai, mama akauza. Mzee Shabani mwenyewe alipoulizwa alisema yeye ananunua magari, hayafanyii upasuaji. Kwa hiyo ubishi ukabaki hewani wiki mbili nzima, na mimi, ambaye masikio yangu yalikuwa makubwa kuliko madaftari yangu, nikaamua kuumaliza.

Gari lilikuwa linaegeshwa kwenye kivuli cha ghala, ubavu wa kushoto ukiwa karibu kugusa ukuta. Mzee alikuwa ameniruhusu kulifuta vumbi asubuhi, kazi niliyoifanya kama padri anayefuta kikombe cha misa. Asubuhi moja nikaingiza mkono kwenye tundu la kulia. Nikaingiza mpaka kifundo, vidole vikagonga bati. Hakuna njia. Tundu lilikuwa kipofu, kina chake hakizidi kiganja. Sikuridhika. Nikachukua gunzi la hindi lililokuwa likifuka moshi jikoni kwa mama, na Mzee alipowasha gari kulipasha moto nikalishika mbele ya tundu lile. Moshi ukapanda juu moja kwa moja, haukuangalia tundu hata kwa jicho la pembeni. Nikasimama juu ya benchi, nikatangaza mbele ya wanaume wenye ndevu, "Ni urembo! Nimepima!" Nikawaita mmoja mmoja, nao wakaingiza mikono yao wakagonga bati. Kuanzia hapo wakaniita Injinia. Sasa nawaambia ukweli ambao nilikaa nao peke yangu: upande wa kushoto sikuupima. Ukuta ulikuwa karibu, lakini nilikuwa mwembamba kama fito, ningepenya. Sikupenya kwa sababu nilishapata jibu linalonipendeza. Debe tupu haliachi kuvuma, na debe la Makambako mwaka ule lilikuwa mimi.

Mwezi uleule Mama alikuwa anaolewa. Alikuwa na miaka thelathini na moja, umri ambao kwa kina mama wa kanisani kwetu ulikuwa wa kumwombea mtu novena. Mchumba wake alikuwa Vitalis, dereva wa lori la Mzee Shabani, mtu mpole, mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Tatizo lilikuwa shangazi yake Vitalis, dada mkubwa wa baba yake, mwanamke aliyemlea na aliyemtakia binti wa miaka kumi na tisa mwenye kifua cha kubeba kuni. Alisema wazi nyumbani kwetu Mahongole, nje kidogo ya mji, akila maandazi yetu: "Mwanamke mzima, tena ana mtoto wa kuazima. Mimi nitaangalia tu. Mungu akitaka atatuonyesha." Mtoto wa kuazima nilikuwa mimi. Usiku ule nilimsikia mama akirudia rozari ileile tangu mwanzo. Mzee Shabani alipopata habari kuwa kina Vitalis hawana gari la maana la kumbebea bibi harusi, akapiga kifua, "Edita atapanda gari langu, na nitaendesha mwenyewe." Furaha yake mama siku hiyo aliimwagia kwenye unga; maandazi yalitoka makubwa kama ngumi.

Asubuhi ya harusi kina mama wa kwaya walikuja Mahongole na maua. Kwetu gari la harusi lisipofunikwa maua linaonekana limekwenda sokoni. Walileta yale meupe marefu yanayoota kwenye vijito vya misheni, wakaleta matawi ya misonobari, wakaleta miwati iliyochanua njano mpaka ikaonekana kama vifaranga. Walizungushia maua kioo cha mbele, wakayafunga na kwenye vioo vya pembeni, kisha wakafika ubavuni. "Angalia," akasema mmoja, "hawa wazungu wana akili, wameweka na vyungu vya maua!" Wakaanza kujaza. Mama alikuwa mlangoni akivalishwa glovu, shela limemfunika nusu. Akawazuia. "Ngojeni. Mtoto wa mgongoni unamfunika shuka, lakini pua unaiacha nje. Hiyo si pua yake?" Halafu akanigeukia mimi, mbele ya wote, kwa sauti ya mtu anayemuuliza mtu mzima. "Baba, wewe ndiye unayelijua. Tuzibe, tusizibe?" Kuulizwa hivyo na mama, mbele ya kwaya nzima! Nikaweka mikono nyuma kama mwalimu mkuu. "Zibeni tu mama, ni urembo." Wakajaza kulia, wakajaza kushoto, wakashindilia na misonobari ili upepo usipeperushe. Nikasimama nikiangalia ule ubavu wa kushoto, ambao kwa mara ya kwanza ulikuwa mbali na ukuta, wazi kabisa mbele yangu. Ningeweza kuingiza mkono. Watu wote walikuwa wananitazama. Sikuingiza.

Padri alikuwa ametoa agizo kwamba saa sita kamili anaondoka kwenda kigango kingine chenye wagonjwa wa kupakwa mafuta, na atakayechelewa atasubiri mwezi ujao. Tukaondoka mapema tu. Mama na Mzee Shabani mbele ndani ya gari jekundu, sisi wengine nyuma juu ya lori, na shangazi yake Vitalis akiwa ameketi karibu na dereva kwa kuwa ndiye aliyetumwa na ukoo wa bwana harusi, pamoja na wazee wawili, kuja kumchukua bibi harusi. Vitalis alikuwa kanisani akisubiri. Tulivuka bonde vizuri, tukiimba. Mlima ulipoanza, nikaona gari jekundu linatoa moshi mweusi. Likakohoa. Likasonga kidogo, likakohoa tena, likashtuka kama mtu aliyepaliwa, likazimika katikati ya barabara. Nyimbo zikakatika. Hapo ndipo harufu ilipotufikia juu ya lori, tamu kwanza, halafu chungu.

Mzee Shabani alipiga stata mpaka ikaanza kuchoka. Akafungua kifuniko, joto likampiga usoni. Mafuta yapo, moto upo, injini haitaki. Mama alishuka akasimama pembeni ya barabara na gauni lake jeupe, ambalo lilikuwa la kuazima kutoka kwa binamu yake, ameliinua kwa mikono miwili lisishike vumbi. Na shangazi mtu akashuka kutoka kwenye lori. Hakuwa na haraka hata kidogo. Akalizunguka gari, akasema kwa sauti ya kusikika, "Nilisema Mungu atatuonyesha. Gari limemkataa." Wanawake wakaguna. Akaendelea, "Safari ya bibi harusi haikatizwi. Ikikatika njiani, anarudi kwao. Mpandisheni kwenye lori, lakini ligeuke lirudi lilikotoka." Mpaka leo sijui kama hiyo ilikuwa mila kweli au aliitunga palepale, lakini aliisema kama mtu anayesoma maandiko, na nikaona wazee wawili wa upande wa bwana harusi wakiangalia chini. Mzee Shabani akasema, "Dada yangu, hili ni bati na petroli tu, halijui nani anaolewa." Shangazi akamjibu, "Limekubeba wewe Makambako nzima halijazimika. Limembeba huyu kilomita ngapi?" Mzee akarudi kuchungulia injini. Jibu nilikuwa nalo mimi.

Wanasema mficha uchi hazai. Ni rahisi kulisema hilo ukiwa umeketi. Nilishuka kwenye lori. Nilijua nikisema, Injinia amekufa. Wale wapakiaji viazi wangenicheka mpaka Krismasi. Nilimwangalia mama. Hakuwa analia. Alikuwa anaangalia barabara ya kurudi Mahongole, kama mtu anayepima mzigo kabla ya kuubeba. Nikapaza sauti, "Halijamkataa! Ni mimi!" Wote wakageuka. "Tundu la kulia limezibwa na bati, hilo nililipima. La kushoto sikulipima. Nilisema uongo kwamba nimepima." Shangazi akaniambia, "Nyamaza, mtoto wa watu, unamtetea." Nikapiga magoti vumbini nikaanza kung'oa maua upande wa kushoto. Nikachomoa misonobari, nikachomoa miwati ikiwa imenyauka na kugeuka kahawia, nikaingiza mkono. Mkono ukaingia. Ukapita kiganja, ukapita kifundo, ukaenda mpaka kiwiko, na huko ndani vidole vikakuta maua yamevutwa yakaganda kwenye wavu, yana joto kama viazi vya majivuni. Lile tundu lilikuwa koo lenyewe. Tulikuwa tumeliziba sisi wenyewe, tukalipandisha mlima.

Mama akaja akapiga magoti kando yangu, na gauni lote lile. Akavua glovu moja. Tukatoa pamoja mpaka petali la mwisho. Kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo niliisikia mimi tu, "Kwa hiyo ilikuwa pua." Nikasema, "Ndiyo mama." Akasema, "Ungeniambia hujui, nisingekupenda pungufu." Mzee Shabani akaliacha gari lipoe, akapiga stata. Likakohoa, likatema moshi, likashika. Mmoja wa wazee wa bwana harusi alikuwa anavuta sigara, Mzee akamwita. "Mzee mwenzangu, weka sigara yako hapa kushoto." Akaiweka. Moshi ukapinda, ukaingia ndani ya tundu kama uzi unaoingia kwenye sindano. "Sasa weka kulia." Moshi ukapanda juu, hauna habari. Yule mzee akamgeukia shangazi. "Dada, gari halikumkataa mtu. Lilinyongwa." Mtu mmoja juu ya lori akaangua kicheko, halafu wote, halafu hata kwaya. Shangazi akapandisha kanga yake begani akasema, "Basi twendeni, padri anaondoka," kana kwamba ni sisi tuliokuwa tunamchelewesha.

Tulifika padri akiwa ameshavaa kofia ya pikipiki. Aliivua. Mama aliolewa akiwa na vumbi magotini na mkono mmoja bila glovu, na picha ipo ukutani kwangu sebuleni. Jioni, wakati wa kugawana wageni, shangazi aliuliza mtoto atalala kwa nani. Vitalis, yule mtu wa maneno machache, akasema matatu, "Kwa mama yake." Na Mzee Shabani, ambaye angeweza kunichapa na hakuna angemlaumu, Jumatatu aliniita ghalani. Wale wa mabenchi walikuwa wameshaanza: "Injinia wa Upande Mmoja, karibu chai!" Mzee akaniambia, "Waache. Kuanzia leo ukitoka shule unazunguka kila lori langu, pande zote mbili, chini na juu, na unaniambia ulichokiona. Usichokiona, unaniambia hukukiona." Nilizunguka malori yale miaka saba. Yote niliyo nayo yameanzia kwenye kuzunguka kule. Watu wanasema nimejitengeneza mwenyewe, na mimi mwenyewe nasema hivyo nikiwa na wageni, lakini hapa nimeshika kalamu: nilitengenezwa na mwanamke mmoja, dereva mmoja na mzee mmoja, na Mungu awalipe kwa vipimo vyake, maana vyangu havitoshi.

Siku hizi Makambako ina maduka mengi ya urembo wa magari kuliko maduka ya chumvi. Vijana wananunua matundu ya plastiki, meusi, yana hadi vyandarua vya kuigiza, wanayabandika kwa gundi kwenye vigari vyao vya kubebea abiria. Ukimuuliza kijana linavuta nini hilo, anakwambia, "Mzee, linavuta macho." Siwacheki. Sisi tulikuwa na tundu la kweli tukaliita urembo, wao wana urembo wanauita tundu, na sijui nani mjinga zaidi. Ila naona tofauti moja. Wakati ule gari moja lilibeba mji mzima. Likikohoa, tulikohoa wote, likiwaka, tuliwaka wote. Leo kila mtu ana lake, na likizimika mlimani wenzake wanampita wakipiga picha.

Mzee Shabani alifariki, na gari likabaki kwenye lile ghala, kuku wakalifanya kitanda. Mwaka juzi watoto wake walitaka kuliuza kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Nikawaambia bei yoyote watakayoitaja nitalipa hiyohiyo. Fundi niliyemleta kutoka Dar alinitazama kwa huruma. "Bosi, kwa hela hii unapata jipya." Nikamwambia atengeneze, na asithubutu kuliziba tundu la kushoto wala kulitoboa la kulia. Injini ilitafutwa miezi saba. Jumapili likiwa tayari nikaenda kumchukua Mama kwake Mahongole. Sasa yuko karibu na sabini, magoti yanamuuma, tulimkunja wawili ili aingie. Viti ni viwili, kwa hiyo Baba Vitalis akatangulia kwa bodaboda, akisema yeye kusubiri kanisani ameshazoea. Mlima ule leo ni lami tupu. Mama alishika rozari, nikakanyaga mafuta, na tukaumaliza mlima mzima kwa muda wa Salamu Maria mbili. Juu kabisa akaniuliza, "Hili limekugharimu kiasi gani, mwanangu?" Mimi ninayemtajia bei ya saa yangu hata mtu asiyeniuliza, nikamjibu, "Kidogo tu, mama." Ninyi sitawaficha: Salamu Maria mbili zile ziligharimu shilingi milioni kumi na tisa, laki tatu, elfu sabini na mia tano.